Kani au nishati: njia ipi uishike ukikutana na swali la msuguano

Vijana wanaokaribia mtihani wa Kidato cha Nne na cha Sita, Unguja na Pemba, huniuliza swali hili kila msimu: "Mwalimu, hapa nitumie F = ma au nitumie nishati?" Ni swali zuri, na linastahili jibu refu kuliko lile la "yoyote tu, zote zinafika". Kweli zinafika, mara nyingi. Lakini moja inaweza kukufikisha kwa mstari mmoja pale ambapo mwenzake anakula nusu ukurasa, na yapo maswali ambayo njia moja itakuacha nusu ya safari.

Njia ya kwanza ni ya kani. Unakichora kitu peke yake, unaonyesha uzito wake na kila kani inayokigusa, unatafuta kani inayobaki baada ya kupunguzana, unaigawa kwa tungamo upate mchapuko, kisha unaingia kwenye milinganyo ya mwendo. Mzizi wake ni sheria ya pili ya Newton, iliyochapishwa mwaka 1687. Njia ya pili ni ya kazi na nishati: unahesabu kazi ya kila kani katika umbali uliopewa, unajumlisha, na jumla hiyo ndiyo badiliko la nishati mwendo, ½mv². Hii ilikomaa baadaye sana, katika karne ya 19, zama za kina Coriolis na Joule. Iko na ya tatu, ya msukumo (kani mara muda) na momenta (tungamo mara mwendokasi), ambayo nitaipitia haraka kwa sababu kwenye maswali ya msuguano huitwa kwa kazi mbili tu.

Msuguano wenyewe una kanuni zake, na njia zote tatu zinaziazima. Mfaransa Amontons alieleza mbili mwaka 1699: msuguano unakua kadiri nyuso mbili zinavyobanwa, na hautegemei ukubwa wa eneo linalogusana. Coulomb, karne iliyofuata, akaongeza kwamba kitu kikishaanza kuteleza, msuguano haubadiliki sana na mwendokasi. Ndiyo maana tunaandika f = μR. Hapo μ ni kizigeu cha msuguano, na R ni kani ambayo sakafu inausukuma mzigo, kwa pembe mraba, kutoka kwenye uso wake. Ishike vizuri hiyo R. Makosa mengi ninayoyaona kwenye madaftari yanaanzia kwenye R, kabla mwanafunzi hajafika hata kuchagua njia.

Gunia moja, njia tatu

Tuchukue gunia la karafuu kavu la kilo 50 kwenye sakafu ya saruji ya ghala kule Wete. Hamali analiburura kwa kamba iliyolala sambamba na sakafu, kwa kani ya 250 N. Kizigeu cha msuguano ni 0.4, na tutumie g = 10 m/s². (Hapa kwetu, nyuzi 6 hivi kusini ya ikweta, g halisi ni kama 9.78. Kwenye mtihani tumia thamani waliyokupa kwenye karatasi, usilete yako.) Gunia linaanza likiwa limetulia. Je, baada ya mita 2 mwendokasi wake ni ngapi?

Kwa kani: uzito ni 500 N, kamba haiinui wala haikandamizi, basi R = 500 N. Msuguano ni 0.4 × 500 = 200 N. Kani inayobaki ni 250 − 200 = 50 N, mchapuko ni 50 ÷ 50 = 1 m/s². Kutoka v² = 2as tunapata v² = 2 × 1 × 2 = 4, yaani v = 2 m/s.

Kwa nishati: kazi ya kamba ni 250 × 2 = 500 J. Kazi ya msuguano ni −200 × 2 = −400 J. Imebaki 100 J, na hiyo ni ½ × 50 × v². Basi v² = 4, v = 2 m/s.

Kwa momenta ungehitaji kwanza kujua muda. Ukiambiwa gunia lilivutwa kwa sekunde 2, unasema 50 N × 2 s = 50 kg × v, na v inatoka 2 m/s.

Majibu ni yale yale, na urefu wa hesabu unakaribiana. Kwa swali la aina hii sioni sababu ya kubishana, shika uliyoizoea. Lakini tazama jambo moja ambalo wengi hawalioni: hata kwenye njia ya nishati tulihitaji R ili tupate ile 200 N. Mwanafunzi anayekimbilia nishati ili aukwepe mchoro wa kani hajaukwepa. Mchoro unabaki pale pale, tofauti ni kwamba amekataa kuuchora.

Kamba inapopanda begani

Sasa hamali yule yule anaipitisha kamba begani. Inapanda juu kutoka kwenye gunia kwa pembe ambayo kosaini yake ni 0.8 na saini yake ni 0.6, takriban nyuzi 37. Kani ni ile ile, 250 N. Mkono wa mwanafunzi mwenye haraka utaandika hivi: sehemu ya ulalo ni 200 N, msuguano ni 200 N, basi gunia halichapuki.

Chora kwanza. Kamba inavuta mbele kwa 200 N, na pia inainua kwa 150 N. Sakafu sasa inabeba 350 N tu, kwa hiyo R = 350 N na msuguano umeshuka hadi 140 N. Inabaki 60 N, mchapuko ni 1.2 m/s². Amepoteza 50 N ya kuvuta mbele na bado gunia linachapuka kuliko mwanzo! Kwa kizigeu hiki pembe bora ni ile ambayo tanjenti yake ni 0.4, karibu nyuzi 22, na hapo mchapuko unafika kama 1.39 m/s². Watu wanaoburura mizigo kila siku wanaijua pembe hiyo kwa mabega yao.

Geuza upande. Badala ya kuvuta, anasukuma kutoka nyuma huku mikono ikielekea chini kwa pembe ile ile. Mbele ni 200 N tena, lakini sasa anaikandamiza sakafu kwa 150 N zaidi: R = 650 N, na msuguano unaweza kufika 260 N. Ukiendelea bila kufikiri utaandika 200 − 260 = −60 N, mchapuko −1.2 m/s², yaani gunia limesukumwa mbele likarudi nyuma. Haiwezekani. Gunia halikwenda popote. Msuguano tuli, ule wa kitu ambacho hakijasogea, umejibu kwa kadiri ulivyosukumwa, 200 N kwa 200 N, na ile 260 N ni kikomo ambacho hakijafikiwa.

Hapa ndipo ninapoipa njia ya kani ushindi bila kusita. Kitu ambacho hakijulikani kama kitasogea au la ni swali la kani. Nishati haikuambii kama mwendo utaanza, inahesabu baada ya mwendo kuwapo. Ukiilazimisha itakupa (200 − 260) × 2 = −120 J za nishati mwendo kutoka kwenye utulivu, na nishati mwendo hasi haipo. Angalau hapo itakushtua. Ila mshtuko huo hautakuambia msuguano halisi ni kiasi gani, na swali mara nyingi linataka hilo hasa.

Njia nzuri ya kuuamini msuguano tuli ni kuupima mwenyewe. Weka kitabu juu ya ubao, inua upande mmoja polepole, ukome pale kitabu kinapoanza kuteleza. Pima kimo cha ncha iliyoinuka na umbali wa ulalo, sakafuni na si juu ya ubao, kutoka chini ya ncha hiyo hadi ncha iliyolala, gawa kimo kwa ulalo. Hicho ndicho kizigeu cha msuguano tuli baina ya ubao na kitabu chako. Hakihitaji mizani wala maabara, rula inatosha, na kinaweza kufanyika uani kwenu jioni hii. Ongeza kitabu cha pili juu ya cha kwanza, urudie: pembe itabaki karibu pale pale, kwa sababu uzito unaongeza msuguano na mvuto wa mteremko kwa kiwango kimoja.

Pale nishati inapotangulia

Turudi kwenye kamba iliyolala. Hamali amelivuta gunia mita 2, kisha ameiachia kamba. Litateleza umbali gani kabla ya kusimama?

Kwa kani unahitaji hatua mbili zenye michapuko miwili: kwanza 1 m/s² mpaka mwendokasi wa 2 m/s, halafu msuguano peke yake unatoa −200 ÷ 50 = −4 m/s², na s = 4 ÷ 8 = 0.5 m. Kwa nishati unaitazama safari nzima mara moja. Ilianza kwenye utulivu ikaishia kwenye utulivu, basi yote aliyotoa hamali yameliwa na msuguano: 250 × 2 = 200 × (2 + s). Hiyo ni 500 = 400 + 200s, na s = 0.5 m. Mstari mmoja, bila mwendokasi wa katikati, bila tungamo kuingia mara mbili. Kama swali lina vipande viwili au vitatu vya safari na hakuna aliyekuuliza muda, nishati ndiyo chaguo langu.

Faida hiyo inaonekana zaidi kwenye mteremko. Chukua ubao wa kupandishia mizigo garini, umeinama nyuzi 37 (saini 0.6, kosaini 0.8), kizigeu 0.5. Boksi linasukumwa kutoka chini kwa mwendokasi wa 4 m/s na kuachiwa. Litapanda umbali gani, na litarudi chini kwa mwendokasi gani?

Anayetumia kani lazima akumbuke kwamba msuguano unageuka. Boksi likipanda, msuguano na mvuto wa mteremko vyote vinaelekea chini: mvuto unatoa 10 × 0.6 = 6, msuguano 0.5 × 10 × 0.8 = 4, mpunguo wa mwendo ni 6 + 4 = 10 m/s², nalo linapanda 16 ÷ 20 = 0.8 m. Likirudi, msuguano unaelekea juu: mchapuko ni 6 − 4 = 2 m/s², na v² = 2 × 2 × 0.8 = 3.2, yaani 1.8 m/s hivi. Wanafunzi wengi huubeba ule mchapuko wa 10 hadi mwisho, na wanapata kwamba boksi limerudi na 4 m/s yake kamili kana kwamba ubao ulikuwa barafu.

Anayetumia nishati hawezi kuanguka kwenye shimo hilo kirahisi. Msuguano wa 4 N kwa kila kilo unakula kwenda na kurudi, mita 1.6 kwa jumla, yaani 6.4 J kwa kila kilo. Boksi lilianza na 8 J kwa kila kilo, limebaki na 1.6 J, na v² = 3.2. Kimo cha kupanda kimefutana na kimo cha kushuka, hakikuingia kabisa. Kwa hesabu za kwenda na kurudi kwenye uso usiosogea, kazi ya msuguano unaoteleza ni hasi kila hatua, na kujua hilo tu kunaokoa alama.

Mfano wa tatu ni wa barabarani, na huu naupenda kwa sababu unahusu uhai wa watu. Gari ya abiria inakwenda 72 km/h, yaani 20 m/s. Dereva anakanyaga breki, magurudumu yanakwama na kuteleza. Umbali wa kusimama? Kwa nishati: ½mv² = μmgs. Tungamo linafutika pande zote, na s = v² ÷ 2μg. Tuseme kizigeu kwenye lami kavu ni 0.8: s = 400 ÷ 16 = 25 m. Mvua ya masika ikanyesha, kizigeu kikashuka hadi 0.4: s = 50 m. Na kwa kuwa mwendokasi umepigwa kipeo cha pili, kuongeza mwendo mara mbili kunaongeza umbali mara nne. Kwa 10 m/s ile gari ingesimama ndani ya mita 6.25 kwenye lami kavu. Mlinganyo huu mmoja ungestahili kuandikwa ukutani kwenye kila skuli iliyo kando ya barabara kuu. Hesabu za kani zitakufikisha hapo hapo, lakini ule uhusiano wa mara nne unajitokeza wenyewe kwenye nishati, huutafuti. (Hizo mita 25 zinaanza pale breki inaposhika. Kama dereva anachukua sekunde moja kuona na kukanyaga, gari imeshakula mita 20 kabla ya hapo, na mita hizo hazina msuguano wa kuzihesabu.)

Pale nishati inapokuponza

Nimeisifu nishati, sasa niseme inapodanganya. Imezoeleka kusemwa kwamba msuguano unapinga mwendo, basi mwanafunzi anaweka alama ya kutoa mbele ya kazi ya msuguano kila mahali. Fikiria magunia juu ya gari ya shamba inayotoka kituoni. Gunia halikufungwa. Ni kani gani inayolifanya lichapuke pamoja na gari? Hakuna anayelivuta, hakuna anayelisukuma. Ni msuguano wa bodi ya gari, na unaelekea mbele, kule kule gunia linakokwenda. Kazi yake kwa mtu aliyesimama barabarani ni chanya. Msuguano unapinga nyuso mbili zisipishane, na hilo si sawa na kupinga mwendo.

Kwa njia ya kani swali hili ni jepesi. Gunia lina kani moja tu ya ulalo, msuguano, na haiwezi kuzidi μmg. Basi mchapuko wake hauwezi kuzidi μg. Kama kizigeu cha msuguano tuli ni 0.5, gunia litafuatana na gari mpaka mchapuko wa 5 m/s², gari ikichapuka au ikipunguza mwendo. Kwenye lami kavu ya mfano uliopita, breki zilitoa 8 m/s². Gunia haliwezi kupunguza mwendo kwa kiasi hicho, basi litateleza kwenda mbele juu ya bodi, likagonge chochote kilichopo mbele yake. Ukitaka kujua linateleza au halitelezi, linganisha michapuko. Usifungue hesabu za nishati hapa kabla hujamaliza hilo.

Pia kuna maswali yanayotaka kani yenyewe. Hili hapa ni la kawaida sana kwenye karatasi: kipande cha kilo 6 kiko juu ya meza yenye kizigeu 0.5, kimefungwa uzi unaopita kwenye roda laini ukingoni, na upande wa pili unaning'inia mzigo wa kilo 4. Tafuta mchapuko na mkazo wa uzi. Msuguano ni 30 N, mzigo unavuta kwa 40 N, inabaki 10 N kwa kilo 10, mchapuko ni 1 m/s². Kwa mkazo, chora mzigo unaoning'inia peke yake: 40 − T = 4 × 1, basi T = 36 N. Hakiki kwa kipande cha mezani: T − 30 = 6 × 1, T = 36 N. Vinakubaliana.

Nishati ingekupa mwendokasi baada ya kushuka nusu mita kwa urahisi mkubwa: 40 × 0.5 − 30 × 0.5 = 5 J, na 5 = ½ × 10 × v², v = 1 m/s. Lakini tazama mkazo ulipokwenda. Uzi unakivuta kipande mbele na kuuzuia mzigo kwa kiasi kile kile, kazi zake mbili zinafutana, na T haimo popote kwenye hesabu ya mfumo mzima. Hiyo ni raha ukiwa huihitaji, na ni kikwazo ukiwa umeulizwa.

Momenta, na kanuni za kukariri

Msukumo na momenta ushike pale palipotajwa muda bila umbali. Gari yetu ya 20 m/s kwenye lami kavu itasimama baada ya muda gani? μmg × t = mv, basi t = 20 ÷ 8 = sekunde 2.5, na kwenye lami iliyoloa sekunde 5. Utaishika pia palipo na mgongano kabla ya msuguano: gogo limegongwa na kitu kikang'ang'ania ndani yake, halafu viwili hivyo vikateleza hadi kusimama. Hapo momenta inashughulikia kishindo, kwa sababu nishati mwendo haihifadhiki wakati wa kunasa, na nishati au kani inashughulikia mtelezo unaofuata. Zaidi ya hapo haina mengi ya kukupa kwenye mada hii.

Iko na njia ambayo haimo vitabuni lakini imejaa madaftarini: kukariri kanuni zilizokwisha pikwa, kama a = g(sin θ − μ cos θ). Naiona na inaniuma. Kanuni hiyo ni sahihi kwa kitu kinachoteleza kushuka bila kuvutwa na yeyote. Kikipanda, alama inageuka kuwa ya kujumlisha. Kikivutwa kwa kamba yenye pembe, R inabadilika na kanuni nzima inakufa. Kikiwa kimetulia na θ ni ndogo, inakupa jibu hasi la kitu kisichosogea. Kwa mchoro wa kani unaipata kanuni ile ile kwa mistari mitatu na unajua inapokoma.

Uanzie wapi wewe

Kama uko Kidato cha Tatu au cha Nne, weka nguvu zako kwenye kani mpaka mkono uchore R, uzito, msuguano na kamba bila kuambiwa. Usikimbilie nishati mapema. Nimewaona vijana wazuri, wa skuli za mjini na za Pemba vilevile, wanaojua ½mv² kwa moyo lakini wakiwekewa kamba ya mshazari wanaandika R = mg kama kawaida. Pengo hilo huwafuata hadi Kidato cha Sita, na huko linagharimu zaidi kwa sababu maswali yanaunganisha kani, nishati na momenta kwenye kipengele kimoja.

Kama uko Kidato cha Tano au cha Sita na mchoro wa kani umekukaa, geuza tabia: kabla ya kuandika chochote, soma swali utafute kinachotakiwa. Limetaja mita na mwendokasi, halikutaja sekunde wala mchapuko? Nishati. Limetaka mchapuko, mkazo, R, au limeuliza "je, litasogea"? Kani. Limetaja sekunde na mwendokasi bila mita? Momenta. Njia ina kona, au kani inabadilika njiani kama ya springi? Nishati, kwa sababu milinganyo ya mwendo uliyoizoea inadai mchapuko usiobadilika, na hapo haina haki ya kutumika.

Anayejiandaa peke yake, bila mwalimu wa tuisheni, ninampa ushauri mwingine: kila swali la msuguano alifanye kwa njia mbili kwa muda fulani, hata kama moja inatosha. Inachosha. Lakini majibu mawili yasipokutana, kosa limejifichua lenyewe bila kumsubiri mtu wa kukusahihishia, na karibu kila mara utalikuta mahali pamoja na pale pale: msuguano uliohesabiwa kwa R isiyo yake, au alama ya kutoa iliyowekwa kwa mazoea.

Na siku ya mtihani yenyewe, ukibakiwa na dakika chache, usirudie hesabu kwa njia uliyoitumia mwanzo, maana utapita juu ya kosa lile lile na kulipa tiki. Chukua jibu lako la kani, liangalie kwa nishati. Kama ulipata mchapuko wa 1.2 m/s² kwa gunia la kamba ya begani, basi baada ya mita 2 v² ni 4.8 na nishati mwendo ni 120 J. Kazi ya kamba ni 200 × 2, ya msuguano ni 140 × 2, tofauti ni 120 J. Vimekutana, geuza ukurasa.